Eastlands: Turathi ya Nairobi inayosomeka katika majina ya mitaa

MGENI anayefika Nairobi kwa utalii huelekezwa magharibi na kusini: Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Kituo cha Twiga kule Lang'ata, nyumba aliyoishi Karen Blixen, na vilima vya Ngong. Ni nadra kuelekezwa mashariki. Hata wenyeji wengi wa jiji huijua Barabara ya Jogoo kama njia ya msongamano wa matatu asubuhi na jioni, wala si kama mlango wa historia.

Eastlands si mtaa mmoja. Ni jina la jumla la mitaa yote iliyotandaa mashariki ya katikati ya jiji, kuanzia Muthurwa, Kariokor na Pumwani hadi Buruburu, Umoja, Dandora na Kayole. Hapa ndipo mfanyakazi Mwafrika aliporuhusiwa kulala wakati mji ulipokuwa wa wengine, na hapa ndipo alipojifunza kudai kwamba mji huo ni wake pia.

Turathi ya Eastlands haimo katika ngome wala kasri. Imo katika mpangilio wa nyumba, katika kumbi, masoko na viwanja, na zaidi ya yote katika majina. Karibu kila jina la mtaa huku ni kumbukumbu ya vita, ya kuhamishwa, ya mauaji au ya matumaini. Mengi ya majengo yanayobeba majina hayo sasa yamo katika mipango ya kubomolewa ili kupisha maghorofa. Kwa sababu hiyo, ziara ya Eastlands imekuwa jambo la wakati: kilichopo leo huenda kisionekane baada ya miaka michache.

Mji uliogawanywa kwa rangi na kwa udongo

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita kwa jina la maji yao baridi. Mji ulipokua, wakoloni walijitwalia sehemu za magharibi na kaskazini zilizoinuka, zenye udongo mwekundu na mvua ya kutosha. Wahindi walipata maeneo kama Ngara, Parklands na baadaye Eastleigh. Waafrika walisukumwa mashariki, uwandani, penye udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Mgawanyo huo haukutokea kwa bahati. Kwa miongo ya kwanza, utawala ulimwona Mwafrika mjini kuwa mpita njia: kibarua wa kiume asiye na familia, aliyebeba kipande shingoni, na ambaye angerudi kwao mkataba ukiisha. Shirika la reli liliwajengea wafanyakazi wake makazi ya safu safu huko Muthurwa na baadaye Makongeni. Makazi hayo ya wafanyakazi wa reli yaliitwa landi, neno lililokuja na mafundi kutoka Bara Hindi, na ndilo lililoipa Barabara ya Landhies jina lake. Mgeni akianza matembezi yake Muthurwa, anaanza pale pale ulipoanzia mji wa wafanyakazi.

Kariokor: kaburi lisilo na mawe

Jina la Kariokor halikutoka katika lugha yoyote ya Kenya. Ni matamshi ya wenyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa hapa. Kambi kama hiyo jijini Dar es Salaam iliacha jina la Kariakoo, nayo ni soko maarufu hadi leo.

Katika kampeni ya Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918, Uingereza iliandikisha wapagazi zaidi ya 400,000 kutoka nchi mbalimbali. Hesabu rasmi ya waliokufa ilivuka 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Sanamu ya askari na mpagazi iliyosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo sasa inaitwa Kenyatta Avenue ni mojawapo ya alama chache zinazowakumbuka. Nyingine ni jina hili la Kariokor, ambalo abiria wa matatu hulitaja kila siku.

Siku hizi Kariokor ni soko. Huuzwa vyondo, kazi za ngozi na shanga, na harufu ya nyama choma humfikia mpita njia kabla hajayaona majiko yenyewe. Anayezuru hapa hupata chakula, bidhaa na historia katika uwanja mmoja.

Pumwani na Majengo: mji wa Waswahili

Kabla ya Pumwani, Waafrika waliishi katika vijiji vilivyotapakaa kandokando ya mji: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini na vinginevyo. Mapema miaka ya 1920, utawala uliamua kuvibomoa na kuwakusanya wakazi mahali pamoja. Ndipo Pumwani ilipopimwa. Serikali ilitoa viwanja, maji na vyoo. Wenyeji wakajenga nyumba wenyewe, za udongo na fito, nyingi zikiezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa.

Nyumba hizo zilifuata mtindo wa pwani: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma. Wenye nyumba wengi walikuwa Waislamu waliozungumza Kiswahili: watu wa pwani, Wanubi, Wamanyema, na watu wa bara waliosilimu wakapata jamaa mpya mjini. Wanawake walikuwa wengi miongoni mwao. Mwanamke aliyekuwa hana haki ya kurithi shamba kwao aliweza kujenga Pumwani, kupangisha vyumba na kuwaachia nyumba wale aliowachagua. Hilo lilikuwa badiliko kubwa ambalo mji mkoloni haukulikusudia.

Msikiti wa Riyadha, madrasa, na vibanda vya mahamri na viazi karai bado vinaipa Majengo sura yake ya pwani, umbali wa karibu kilomita 500 kutoka baharini. Karibu nao upo ukumbi wa Pumwani Memorial, ambamo vizazi vya wakazi vilifanya mikutano, dansi na ndondi. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, na imekua kuwa miongoni mwa hospitali kubwa zaidi za uzazi katika eneo hili la Afrika. Wakazi wengi wa Nairobi, matajiri kwa maskini, walizaliwa humo.

Majengo inajulikana pia katika maabara za dunia. Tangu mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, walifuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani humo. Iligunduliwa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukabiliwa navyo mara nyingi. Mengi yanayojulikana kuhusu kinga ya mwili dhidi ya virusi hivyo yana deni kwa wanawake hao ambao majina yao hayakutangazwa.

Katika fasihi, Pumwani imepata nafasi yake pia. Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye iitwayo Coming to Birth, iliyochapishwa mwaka 1986, humfikisha mhusika wake mkuu Nairobi mwaka 1956, msichana kutoka mashambani anayekuja kumfuata mumewe wakati wa Hali ya Hatari.

Shauri Moyo, Burma na Kamukunji

Kijiji cha Pangani kilisalia baada ya vingine kuondolewa, lakini nacho kilibomolewa kufikia mwaka 1939. Wenye nyumba wake walipewa makazi mapya ya baraza la mji yaliyojengwa kusini mwa Pumwani. Mtaa huo ndio Shauri Moyo. Mtu aliyekuwa na nyumba yake mwenyewe sasa alikuwa mpangaji wa baraza. Haki yake ya kukaa ilidumu kwa muda wa uhai wake tu, na mtoto hakuweza kurithi. Ni vigumu kulisikia jina hilo bila kukumbuka watu walioachiwa mioyo yao iamue jambo ambalo wengine walikuwa wamekwisha kuliamua.

Hatua chache kutoka hapo lipo soko la Burma, linalosifika kwa nyama. Jina lake linakumbusha vita vingine. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Asia kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma, nchi ambayo sasa inaitwa Myanmar. Waliorudi walikuwa wameona kwamba mzungu naye huogopa, huumwa na hufa. Fikra hiyo ilirudi nao mitaani.

Kamukunji iko jirani. Uwanja wake wa mikutano ulijulikana sana hata neno kamukunji likaingia katika mazungumzo ya Wakenya kumaanisha mkutano wa hadhara. Julai 7, 1990, siku inayokumbukwa kama Saba Saba, maelfu walijaribu kukusanyika hapa kudai mfumo wa vyama vingi. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioitisha mkutano huo, walikuwa wamekwisha kukamatwa siku tatu kabla. Polisi waliwatawanya watu kwa nguvu, na watu kadhaa waliuawa katika ghasia zilizoenea hadi miji mingine. Desemba 1991, kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja pekee kilifutwa.

Kando ya uwanja huo husikika mlio wa nyundo tangu asubuhi. Hao ni mafundi wa jua kali, walioitwa hivyo kwa kuwa walifanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na baadaye vibanda vya mabati vikajengwa. Sufuria, karai, majiko, masanduku ya bati ya wanafunzi na toroli zinazotumiwa kote nchini hutoka hapa. Ni kiwanda kisicho na ukuta, na mgeni anaweza kutazama kipande cha bati kikigeuka chombo mbele ya macho yake.

Kaloleni: pale neno uhuru liliposemwa wazi

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katikati ya miaka ya 1940, na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano walitumiwa katika ujenzi wake. Ulikuwa wa namna mpya. Badala ya safu za vyumba vya makapera, zilijengwa nyumba ndogo za mawe kwa ajili ya familia, zikazungushwa kwenye viwanja vya majani na kupandiwa miti. Wasanifu walifuata fikra ya mji wa bustani iliyoenezwa na Mwingereza Ebenezer Howard. Serikali ilianza kukubali, japo kwa shingo upande, kwamba Mwafrika angeishi mjini na mkewe na watoto. Mpango mkuu wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1948 uliendeleza wazo hilo la vijiji vya mjini vyenye shule, soko na ukumbi wake.

Katikati ya Kaloleni upo ukumbi wa jamii ambao wazee huupa lakabu ya Bunge. Lakabu hiyo ina msingi. Machi 30, 1950, Nairobi ilitawazwa kuwa jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, katika sherehe ambazo vyama vya wafanyakazi vilizisusia. Siku 24 baadaye, Aprili 23, mkutano wa pamoja wa chama cha KAU na cha Wahindi wa Afrika Mashariki ulifanyika katika ukumbi wa Kaloleni. Hapo Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi mwenye asili ya Punjab, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki.

Kabla ya siku hiyo, wengi walikuwa wakidai viti zaidi katika baraza la kutunga sheria au marekebisho ya mishahara. Kudai uhuru wote, mbele ya umati, lilikuwa jambo jingine. Mei 15, 1950, Singh alikamatwa pamoja na Fred Kubai. Siku iliyofuata mgomo mkuu ulianza Nairobi. Singh alizuiliwa hadi Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11.

Ukumbi ungali umesimama. Wakazi huutumia kwa mikutano, ibada na mazoezi. Anayesimama ndani yake anasimama mahali ambapo moja ya sentensi muhimu zaidi katika historia ya Kenya ilitamkwa.

Karibu na Kaloleni upo uwanja wa michezo uliojulikana kama City Stadium, ambao baadaye ulipewa jina la Joe Kadenge, mchezaji kandanda aliyeaga dunia Julai 7, 2019. Mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards wameujaza uwanja huo kwa miongo mingi, na mechi zao zilikuwa sikukuu za mitaa hii.

Mbotela, Ofafa na Bahati

Kusini mwa Barabara ya Jogoo ipo mitaa ya Makongeni na Mbotela. Kaskazini ipo Bahati, Maringo na Jericho. Majina mawili kati ya hayo yalitokana na damu. Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa KAU, aliuawa Novemba 1952. Ambrose Ofafa, diwani wa jiji na kiongozi katika Luo Union, aliuawa mwaka 1953. Serikali iliwanyoshea kidole Mau Mau kwa mauaji yote mawili, na mitaa mipya iliyojengwa miaka hiyo ikapewa majina yao: Mbotela, Ofafa Maringo, Ofafa Jericho.

Aprili 24, 1954, jeshi na polisi walilizingira jiji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Nyumba zilipekuliwa moja moja. Wanaume zaidi ya 20,000 wa Kikuyu, Embu na Meru walikamatwa na wengi wakapelekwa kambini. Mitaa kadhaa ya Eastlands ilizungushiwa seng'enge, na mkazi hakutoka wala kuingia bila kibali.

Kwa hiyo jiji hili limewaweka watu wa vita vile vile katika sehemu tofauti. Sanamu ya Dedan Kimathi ilizinduliwa katikati ya jiji Februari 18, 2007, wakati majina ya waliouawa na upande wake yalikuwa yamedumu mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Mwenye kupita kwa miguu kutoka sehemu moja hadi nyingine hupata somo ambalo vitabu vya shule hulifupisha mno.

Uhuru, lugha na muziki

Uhuru ulipokaribia, majina yalibadilika sauti. Mtaa mmoja wa Jericho ulipewa jina la Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Mwingine ukaitwa Uhuru. Barabara ya Doonholm, iliyobeba jina la shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti James Kerr Watson, ikawa Barabara ya Jogoo. Jogoo alikuwa alama ya chama cha KANU. Tom Mboya na Mwai Kibaki wote waliingia bungeni kwa kura za wakazi wa Eastlands. Kibaki aliwakilisha eneo hili kuanzia 1963 hadi alipohamia Othaya mwaka 1974.

Miaka ya 1970 ilileta Buruburu na Umoja kwa watu wa kipato cha kati, na Dandora, ambako familia zilipewa kiwanja chenye maji na choo ili zijijengee, chini ya mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia.

Msongamano wa makabila katika vyumba hivyo ulizaa lugha. Watafiti wengi huitafuta asili ya Sheng katika mitaa hii, ambako watoto wa mama Mluhya, Mkamba, Mjaluo na Mkikuyu walicheza uwanja mmoja. Kutoka Dandora likatokea kundi la Kalamashaka, lililovuma mwaka 1997 kwa kufoka kwa Kiswahili. Mtaa wa California, karibu na Pumwani, uliipa studio ya Calif Records jina lake, na humo mtindo wa genge ukakuzwa.

Mito, ndege na upeo wa macho

Watu wachache huitaja Eastlands na mandhari kwa pumzi moja. Hata hivyo mito mitatu hupita humu: Nairobi, Mathare na Ngong. Yote huelekea mashariki, hukutana, huingia Athi, na maji hayo hubadilisha jina kuwa Galana na kisha Sabaki kabla ya kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Tone linalopita chini ya daraja la Gikomba husafiri hadi pwani ya Waswahili.

Ukweli ni kwamba maji hayo ni machafu. Karakana, masoko na makazi yasiyo na mabomba ya maji taka huyamwagia kila kitu. Jaa la Dandora, linalopakana na Mto Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001 na bado likaendelea kupokea taka. Wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, Mathare ilipoteza watu, na serikali ikaanza kubomoa makazi yaliyo kwenye kingo za mito. Vijana wa Korogocho na Dandora kwa upande wao wameondoa taka katika sehemu za kingo, wakapanda miti, mboga na migomba, na kugeuza majalala kuwa bustani ambamo watoto hucheza. Sehemu hizo zinastahili kutembelewa, kwa kuwa zinaonyesha mto unavyoweza kuwa.

Ajabu kubwa zaidi ipo mbele kidogo, upande wa Ruai. Mabwawa ya kusafishia maji taka, yajulikanayo kama mabwawa ya Dandora, yametambuliwa kuwa mojawapo ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya. Heroe, mabata, membe na ndege wa matopeni wa aina nyingi hula humo. Kati ya Oktoba na Aprili, idadi yao huongezeka kwa wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wapenzi wa ndege huomba ruhusa kwa kampuni ya maji ya jiji kabla ya kuingia.

Uwanda wenyewe una zawadi yake. Kwa kuwa ardhi ni tambarare, anayepanda paa la ghorofa la Umoja au Kayole asubuhi isiyo na mawingu huona vilima vya Ngong magharibi, Ol Donyo Sabuk mashariki, na mara nyingine ncha za Mlima Kenya kaskazini. Wenye nyumba za kifahari za magharibi, waliozungukwa na miti mirefu, hawana upeo kama huo.

Ubomoaji na swali la kitakachobaki

Hakuna anayeweza kuwaambia wakazi wa mitaa hii kuwa nyumba zao ni turathi bila kukiri hali yake. Mabomba yamechakaa, vyoo vya pamoja huziba, na kila ua umejazwa vibanda vya mabati ili kukidhi jamaa walioongezeka. Nairobi ina uhaba mkubwa wa nyumba, na ardhi hii iko karibu na kazi. Hoja ya kujenga upya ina uzito.

Kazi imekwisha kuanza. Mtaa wa Pangani uliojengwa na baraza la mji baada ya kijiji cha kale kuvunjwa ulikuwa na nyumba 48 tu. Nao umebomolewa, na maghorofa yamechukua nafasi yake. Jina moja limebomolewa mara mbili katika muda wa miaka 81, kutoka 1939 hadi 2020. Miradi ya serikali ya nyumba za bei nafuu imelenga Shauri Moyo, Starehe na Makongeni, na mwaka 2025 wakazi wa Makongeni walianza kuhama. Orodha ya kaunti inaitaja mitaa mingine, ikiwemo Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho.

Hofu ya wakazi ina historia. Waliotoka Pangani mwaka 1939 hawakurudi. Huko Muthurwa, mpango wa kuwafurusha wapangaji wa reli ulifika mahakamani, na Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, ikataka uhamisho wowote ufanywe kwa utaratibu wa kiutu. Uamuzi huo umekuwa nguzo kwa kesi za makazi nchini.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 humpa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kuwa turathi inayolindwa. Si lazima kila nyumba ibaki. Lakini ukumbi wa Kaloleni na viwanja vinavyouzunguka, safu moja ya nyumba za reli, ukumbi wa Pumwani Memorial, na uwanja wa Kamukunji ni sehemu ambazo zikipotea hazitatengenezwa tena. Huko Afrika Kusini, Mtaa wa Vilakazi mjini Soweto ulikuwa mtaa wa wafanyakazi kama hii ya Nairobi. Kwa kuitunza nyumba ya Nelson Mandela, umekuwa kivutio kinachowalisha wakazi wake. Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Lamu, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2000 na 2001, inakaliwa na watu hadi leo. Kutunza na kuishi si maadui.

Kwa anayetaka kuzuru

Njia rahisi ni kuanza Muthurwa asubuhi, kufuata Barabara ya Landhies hadi Kamukunji na Shauri Moyo, kula Burma, kisha kuingia Kaloleni kabla ya jua kuwa kali. Pumwani na Kariokor zinafaa siku ya pili. Matatu namba 58 huenda Buruburu, na namba 6 na 9 huenda Eastleigh kupitia Pumwani. Mabwawa ya Ruai yanahitaji gari, darubini na kibali.

Inafaa kutembea mchana na pamoja na mkazi anayeufahamu mtaa. Wapo vijana wanaofanya kazi hiyo, na malipo yao hubaki mtaani. Hizi ni nyumba za watu, si maonyesho. Mgeni hubisha hodi, huwasalimu wazee kwa shikamoo, huomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na huingia msikitini au ukumbini baada ya kukaribishwa. Akiuliza asili ya jina la mtaa, aghalabu atapata kiti na maelezo marefu kuliko alivyotarajia. Wanaoweza kuyatoa maelezo hayo wanapungua kila mwaka, na wengi wao hawajui watakuwa wanaishi wapi mitaa hii itakapojengwa upya.